Mrejesho: raba ya kitako cha bunduki ya mzee (.375)

Wakuu habari, ni mimi niliyeuliza niweke raba gani ya kupunguza teke kwenye kitako cha bunduki ya marehemu baba, inayotumia .375 H&H (risasi nzito za kuwindia wanyama wakubwa), ile raba nyekundu ya zamani ilikuwa imekauka kama jiwe na ukiikwaruza inamwagika unga. Asanteni wote mliojibu.

Nilichukua raba ya Pachmayr Decelerator, ile unayoisaga mwenyewe kwa msasa mpaka ilingane na kitako, maana zilizokatwa tayari hazikukaa sawa na kitako cha zamani. Aliyesema nisiguse mbao hata kidogo Mungu ambariki, fundi wa kwanza alishatoa msumeno!! Matundu ya skrubu hayakulingana kwahiyo nikaziba ya zamani kwa vijiti na gundi ya mbao, nikatoboa upya. Ujanja wa kupaka sabuni kwenye bisibisi kabla ya kuipitisha kwenye raba umefanya kazi kweli, haikuchanika.

Sasa makosa. Selotepu ya kukinga mbao wakati wa kusaga niliweka safu moja tu, msasa ukapita ukala vanishi pale chini, kidonda kama kucha hivi. Halafu raba ya zamani ilikuwa na unene wa nusu inchi, hii ni inchi nzima, kitako kimerefuka na nikivaa koti kinanasa kwapani. Mlinionya nipime, sikupima.

Ila teke limepungua sana, nimepiga risasi 10 bega halikuuma, zamani 3 tu naomba po. Nikipata nyembamba nitabadilisha, ile nyekundu nimeitunza kwenye kopo.