Tajiri wa Dar es Salaam mwaka 1910 alivaa nini? Naomba msaada wa mavazi ya jukwaani

Fundi wa Ilala

Assalamu alaikum, wakubwa shikamooni. Mimi ni fundi cherehani hapa Ilala, na nimepewa kazi ya kushona mavazi ya mchezo wa kuigiza ambao mambo yake yanatokea Dar es Salaam mwaka 1910, wakati wa Mjerumani, katika nyumba ya mfanyabiashara tajiri mwenye asili ya Oman. Wamo humo baba, mke wake, binti anayekaribia kuolewa, na watumishi wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume.

Mwongozaji amenipa orodha fupi: baba avae kanzu nyeupe na kofia, wanawake wote wavae buibui kila watokapo nje, na binti avae kanga yenye methali ya herufi kubwa ili hata mtazamaji wa kiti cha nyuma aisome. Kushona si tabu, ila moyo unasita. Marehemu bibi yangu alizoea kusema kwamba zamani mtu alijulikana hadhi yake kabla hajafungua kinywa, nami nikiitazama orodha hii sioni kitakachomtenga tajiri na mtumishi wake.

Ninayo pia nakala ya picha ya studio ya miaka hiyo, ambamo mwanamke amevaa kanga inayoonekana nyeusi na nyeupe tu. Je, niifuate ilivyo?

Bi Mkubwa wa Upanga

Waalaikumu salaam, marahaba mwanangu. Bibi yako alisema kweli. Mwongozaji wako nadhani ametazama picha za miaka ya 1950 akazirudisha nyuma.

Nianze na baba, maana ndiye aliyepunjwa zaidi. Kanzu nyeupe na kofia yalikuwa mavazi ya kukaa kwake, barazani pake, akinywa kahawa; mtu wa kiasi hicho hakutoka hivyo kwenda msikitini siku ya Ijumaa wala kumwona liwali, mkuu wa mji aliyewekwa na serikali. Juu ya kanzu alivaa kizibao kilichotariziwa, kiunoni akajifunga mahazamu au deuli ya hariri, humo akachomeka jambia lenye ala ya fedha, kisha akatupia joho la sufu, jeusi au la rangi iliyokoza, lililotiwa kasabu, yaani nyuzi za dhahabu, kwenye kingo zake. Kichwani alipiga kilemba, na kofia ikakaa chini ya kilemba. Miguuni makubadhi, mkononi bakora. Joho la sufu katika joto la Februari la Dar es Salaam ni mateso matupu, na nadhani hapo ndipo maana yake ilipokuwa: aliyelivaa alitangaza kwamba siku hiyo hatabeba kitu wala hatatembea haraka. Kanzu yenyewe iwe ya pamba, na shingoni itiwe tarabuzi, ile darizi ya kanzu, kwa mkono. Zile za polista zinazong'aa zitakuumbua mara taa za jukwaa zitakapowashwa.

Mke usimtie buibui. Vazi hilo lilifika pwani yetu karibu na mwanzo wa karne ya 20 pamoja na watu wa Hadhramaut, nalo lilikuwa lile la kamba, la kufungwa kichwani, si hili la mikono mnalolijua ninyi. Waliolikimbilia sana ni wanawake waliotoka utumwani au waliozaliwa na watumwa, kwa sababu mtumwa hakuruhusiwa kujifunika kama muungwana, na sasa kila aliyeweza kulinunua aliweza kujifunika. Mwanamke wa nyumba kubwa ya Kiarabu alikuwa na sitara yake ya tangu zamani. Ndani alivaa suruali yenye marinda vifundoni, juu yake kanzu ya kike ya hariri au ya atlasi, dusumali kichwani na barakoa usoni. Barakoa si kitambaa cha kuning'inia: ilikakamazwa, ikatariziwa kwa nyuzi za dhahabu, ikashuka kutoka kwenye paji la uso mpaka chini ya pua na kuyaacha macho wazi. Akitoka, na mchana hakutoka mara nyingi, alijitanda shela la hariri nyeusi. Usisahau mitali ya fedha miguuni na kekee mikononi, maana mlio wake ulitangulia mlangoni kabla yake.

Watumishi nao wana neno. Unguja utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1897, na masuria wakaachwa huru mwaka 1909. Lakini huku bara, Mjerumani alitoa amri tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na utumwa wenyewe haukufutwa mpaka mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Kwa hiyo mwaka 1910 watu wako wawili wangeweza kuwa watumwa kisheria, na mwongozaji aamue hilo kabla wewe hujakata kitambaa. Wa kike mfunge kaniki, kitambaa cheusi cha pamba, au merikani, pamba isiyotiwa rangi, kuanzia juu ya kifua, mabega wazi. Wa kiume shuka kiunoni, pasipo viatu.

Mpiga Picha Mstaafu

Ndugu fundi, umbo la nguo liige kutoka kwenye picha, lakini rangi usiiamini hata kidogo. Mabamba ya kioo yaliyotumiwa na studio za wakati ule hayakuiona rangi nyekundu, ndiyo maana fundi aliweza kuyasafisha katika chumba chenye taa nyekundu bila kuyaharibu. Matokeo yake ni kwamba nyekundu ilitoka karibu na nyeusi, na buluu ikatoka hafifu, pengine nyeupe kabisa. Mabamba yanayoona rangi zote yalianza kuuzwa mwaka 1906, lakini wapiga picha wengi waliendelea na yale ya zamani kwa miaka mingi. Hiyo kanga yako nyeusi na nyeupe huenda ni kisutu, kanga ya harusi, ambayo ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Tazama pindo lake: mahali penye weusi ulio tofauti kidogo na mwingine ndipo palipokuwa na wekundu.

La pili, uliza picha hiyo ilipigwa kwa ajili ya nani. A. C. Gomes alikuwa na studio Unguja tangu mwaka 1868, na Walther Dobbertin alifanya kazi hapa Dar es Salaam wakati wa Wajerumani. Picha nyingi za miaka hiyo ziligeuzwa kadi za posta za kuuziwa Wazungu. Maneno yaliyoandikwa chini ya kadi ni ya muuzaji, si ya aliyepigwa picha, na msichana aliyevishwa vikuku vya kuazima angeweza kupewa jina la binti wa sultani. Picha ambayo familia iliagiza yenyewe ndiyo ya kuaminiwa zaidi.

Mkaazi wa Kisutu

Naomba kuongeza, na kumpinga Bi Mkubwa kwa adabu katika jambo moja. Si kila mtumwa wa nyumba ya kitajiri aliachwa na kaniki. Bwana mwenye mali alipenda mtumishi anayefuatana naye, au anayemfungulia mgeni mlango, avae vizuri, kwa sababu nguo ya mtumishi ilikuwa tangazo la mfuko wa bwana. Kaniki na merikani mpe yule wa jikoni; wa mlangoni mpe kanzu safi, lakini umnyime viatu na kilemba.

Halafu naona mchezo umesahau nusu ya utajiri wa mji huu. Mwaka 1910 duka kubwa lilikuwa la Mhindi, na mara nyingi hati ya rehani ya shamba la Mwarabu ilikuwa kwenye sanduku la Mhindi huyo huyo. Ningekuwa mimi ningemwingiza mdai mmoja: koti refu jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni, suruali nyeupe, na kilemba cha Kikhoja kilichofungwa kabisa kikavaliwa kama kofia. Mkewe avae sketi pana na pachedi, mtandio mrefu unaotoka kichwani. Mdai akae na koti lake lililopigwa pasi, mbele ya mwenye nyumba ambaye kasabu ya joho lake imeanza kukatika. Watazamaji wataelewa kabla neno deni halijatamkwa.

Bi Mkubwa wa Upanga

Nimekubali hilo la mtumishi wa mlangoni, na la kasabu kukatika limenifurahisha.

Nilisahau kanga ya binti. Hao wa nyumba kubwa nao walivaa kanga, hasa ndani. Wafanyabiashara wa Kihindi waliziagiza zikachapwe Ulaya, Manchester na Uholanzi. Lakini maneno kwenye kanga yalianza mwanzoni tu mwa karne hiyo, tena kwa herufi za Kiarabu. Za Kilatini zilifuata baadaye. Mwekee jina la kanga, yaani ile methali, kwa herufi za Kiarabu, naye alisome kwa sauti mbele ya mama yake. Binti wa nyumba ile amekwenda chuoni na amehitimu Kurani, kwa hiyo kusoma kwake si ajabu, na mtu wa kiti cha nyuma atasikia badala ya kukodoa macho.

Fundi wa Ilala

Nawashukuru sana. Nimezungumza na mwongozaji: ameridhia shela na barakoa, ameridhia herufi za Kiarabu, na mdai ameandikiwa sehemu. Buibui la kamba atavaa jirani mmoja, mwanamke aliyeachwa huru, katika onyesho la mwisho. Lililobaki ni joho. Sufu nzuri imenishinda bei, na kasabu ya mkono itanichukua miezi.

Bi Mkubwa wa Upanga

Usishone. Liko moja kashani kwangu, la babu yangu mzaa mama, bado linanuka udi. Njoo na mtu mzima mmoja tuandikishane. Kwapani limeliwa na nondo, kwa hiyo mwigizaji wako asiinue mikono.