Mama aingie utafiti wa sukari ama asiingie?

Mtoto wa Shela, Malindi: Jameni nisaidieni mawazo. Mamangu ana sukari mwaka wa nane sasa, juzi kiliniki kaitwa pembeni na kijana wa utafiti akaambiwa kuna dawa inajaribiwa, damu itatolewa kila mwezi, nauli atarudishiwa. Kaka zangu wamekataa katakata, ye mwenyewe anataka. Nyinyi mngefanyaje?

Nahodha wa Amu: Asiingie. Damu ikishatoka wajua yenda wapi? Lakini nyinyi Malindi mutasaini tu, mtu akionyeshwa soda na mkate atia dole gumba.

Bi Maweni: Wee Nahodha, soda gani? Mimi niliingiza mwanangu utafiti fulani, natoka nyumbani alfajiri nimembeba mgongoni, siku nzima sijauza hata kiazi karai kimoja, nikarudishiwa nauli ya matatu na hiyo soda yako. Ndio nimenunuliwa hapo? Na ilikuwa ya moto!

Nahodha wa Amu: Nimegusa kidonda eh. Mimi nimeuliza damu.

Kijana wa Barani: Damu yenyewe mili tano, kijiko kimoja cha chai, watu wanaongea kama wametolewa ndoo. Nimewahi kuzunguka vijijini na fomu, kila boma swali la kwanza ni mumiani, la pili ni mwaka juzi mlichukua damu mbona majibu hamkuleta. La kwanza nilikuwa nacheka nao. La pili nilikuwa naangalia chini.

Mzee wa Gede: Wataleta majibu na sisi ni panya wao? Marekani waliwadunga watu weusi kaswende, Tuskegee, nendeni mkasome.

Kijana wa Barani: Shikamoo mzee, hawakudungwa. Walikuwa nayo tayari, wakadanganywa wanatibiwa, penisilini ilipopatikana wakanyimwa makusudi. 1932 mpaka 1972. Rais Clinton akaja kuomba radhi 1997.

Mzee wa Gede: Marahaba. Sasa umenisahihisha ama umenipa haki?

Bi Maweni: Mimi bado niko kwa soda. Hii chanjo ya malaria iliyopitishwa na WHO 2021, watoto wa Kilifi hapa walikuwa kwa majaribio, na mama zao ndio hao hao wa dole gumba. Nahodha, Amu mlileta nani?

Nahodha wa Amu: Watatufikia na nini, dau? Mtu wa Faza nauli ya boti tu yashinda soda zenu za mwaka. Na hao watoto wengine si walidungwa maji tu?

Kijana wa Barani: Hakuna maji. Waliokosa ya malaria, wachanga walipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, wakubwa kidogo ya kichaa cha mbwa, ili kila mtoto atoke na kitu.

Nahodha wa Amu: Kichaa cha mbwa!! Ndio mana Malindi mwabweka hivi.

Bi Maweni: Huna adabu wewe. Mtoto wa mtu unamfananisha na mbwa? Na ungekuwa karibu ungenijua.

Mzee wa Gede: Nahodha omba radhi.

Nahodha wa Amu: Ni utani wa watani mzee. Haya, Bi Maweni niwie radhi. Soda ya baridi juu yangu.

Mtoto wa Shela, Malindi: Mnarudi kwa mamangu ama niende zangu?

Kijana wa Barani: Pole. Mimi simwambii aingie wala asiingie, ila aulize utafiti ukiisha na ile dawa imemfaa, ataendelea kuipata ama itabidi ainunue? Hapo ndipo watu huachwa njiani. Na kujitoa ni haki yake siku yoyote, kiliniki yake ya kawaida isiguswe. Kaka zenu wanaogopa nini hasa?

Mtoto wa Shela, Malindi: Wanaogopa kuambiwa wamemuuza mama. Lakini mmechelewa, kashasaini asubuhi, wao wako kazini. Anasema yule kijana alimsomea fomu yote pole pole na kumwita mama, daktari wa kiliniki hajawahi hata kumtazama usoni. Swali lake moja tu, siku ya kutoa damu anaruhusiwa mahamri kwanza?

Bi Maweni: Mahamri?! Na sukari miaka minane?

Nahodha wa Amu: Mwachie mama mahamri yake, wewe na viazi karai vyako wamponza nani?