Luano kwenda Kinshasa: karte imefutika, jina la tiketi limekatwa, mtoto ana karatasi ya hospitali tu

MamaKatuba ameuliza:

Jambo ndugu zangu. Naomba majibu ya watu wenye uhakika. Watu watatu wanapanda ndeke (ndege) Luano, uwanja wa Lubumbashi, wiki ijayo kwenda N'djili, uwanja wa Kinshasa: mama mzee wa miaka 68, binti yake, na mtoto wa binti mwenye miaka 4. Mama mzee ana karte (kadi) ya mpiga kura ya 2023 peke yake, na imefifia: jina linasomeka kwa shida, picha ni kivuli. Binti ana karte nzuri yenye majina matatu, lakini tiketi imetoka na mawili. Mtoto ana karatasi ya hospitali alikozaliwa, basi. Safari ni ya ndani ya nchi. Hivi vitapita? Visipopita, ni kipi kinaweza kutengenezwa ndani ya siku tano za kazi?

Gishe_Kampemba:

Jambo mama. Safari kuwa ya ndani hakuondoi kitambulisho. Kinaangaliwa kwenye gishe (dirisha la huduma) ya kampuni, ambako wanalinganisha jina na tiketi, uso na picha. Kinaangaliwa na watu wa DGM, idara ya uhamiaji, maana kwetu hata safari za mkoa kwa mkoa zinapita machoni pao. Na mara nyingi kinaombwa tena mlangoni pa kupandia, pamoja na karte ya kupandia ndeke. Mkononi mwa kila afisa lazima vitu vitatu visomeke: majina, tarehe ya kuzaliwa, picha.

Nianze na mama mzee, maana hapo ndipo kuna hatari. Karte ya mpiga kura inashika nafasi ya kitambulisho cha taifa kwa muda, na kufifia kwa karte za 2023 kunajulikana nchi nzima. CENI yenyewe, tume ya uchaguzi, ilitoa duplikata (nakala mpya za karte) kabla ya uchaguzi wa 20 Desemba 2023. Kwa hiyo afisa hatashangaa kuiona. Lakini hawezi kulinganisha uso na kivuli.

Aende komine (ofisi ya manispaa) anakokaa, si komine ya mtoto wake wala ile iliyo karibu na soko, akaombe atestasio (cheti) ya kupoteza vitambulisho. Abebe karte yenyewe iliyofifia, fotokopi ya zamani kama ipo (mara nyingi ipo kwenye faili ya benki au ya laini ya simu), na picha ndogo nne. Mbili zinaweza kutosha, lakini picha ya kwanza ikiharibika kwenye gundi siku imekwisha. Aende asubuhi, na aende mwenyewe.

Karatasi ikitoka, msiondoke gishe kabla ya kuangalia haya. Muhuri lazima ukae nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Muhuri uliopigwa kando ya picha unafanya karatasi ionekane kama picha imebadilishwa, na hilo ndilo linalorudisha watu wengi. Majina yawe yote matatu, kwa herufi zilezile za karte. Tarehe ya kutolewa na ya mwisho ziwepo, na siku ya kurudi iwe ndani yake. Watu hukagua tarehe ya kwenda wakasahau ya kurudi, halafu mzee anakwama Kinshasa.

Siku ya safari abebe zote mbili, atestasio na karte iliyofifia. Na hiyo karte msiisugue kwa alkoholi "kuisafisha". Itaondoa hata wino uliobaki. Picha ya karte ndani ya simu isaidie kukumbuka namba tu, msiitegemee kama kitambulisho.

Kabla ya kulipa chochote komine, pigieni simu kampuni ya ndeke mwulize kama wanapokea atestasio yenye picha. Kila kampuni ina masharti yake.

Yaya_Kamalondo:

Hilo la jina la binti si kubwa. Afike mapema, watalinyoosha palepale Luano.

Biye_na_Bagaje:

Yaya, samahani, hapo sikubali. Mtu wa gishe siku ya safari hana ruhusa ya kuandika upya jina kila mara, na foleni iko nyuma yake. Mara nyingi atakutuma ofisi ya mauzo, na ofisi ikiwa imefungwa, ndeke inaondoka. Jina linanyooshwa mjini, siku kadhaa kabla.

MamaKatuba, tuandikie jinsi lilivyo kwenye tiketi, herufi kwa herufi.

MamaKatuba:

Tiketi: NGOY/MARIEMRS. Karte: Ngoy, kisha Ilunga, kisha Marie.

Biye_na_Bagaje:

Asante, sasa tunaona. Kwanza, hilo MRS mwishoni si kosa. Programu ya tiketi inabandika cheo nyuma ya jina bila nafasi: MR, MRS, MISS, CHD kwa mtoto. Usilipie mtu akuondolee.

Shida yetu Wakongo ni kwamba karte ina visanduku vitatu, jina (la ukoo), postinomi (jina linalofuata la ukoo) na prenomi (jina la kupewa, kama Marie), na mfumo wa tiketi wa dunia nzima una viwili: jina la ukoo kabla ya mkwaju (/) na jina la kupewa baada yake. Postinomi haina mahali pake. Wakala mzuri anaiweka pamoja na jina la ukoo bila nafasi: NGOYILUNGA/MARIEMRS. Wakala mwenye haraka anaiacha. Apostrofi na alama za juu ya herufi nazo huanguka, N'kulu anakuwa NKULU, na hilo halimsumbui mtu.

Kwa kesi yako, jina na prenomi viko mahali pake, postinomi tu ndiyo imekosekana. Hilo ndilo kosa jepesi kuliko yote, lakini bado mpigie wakala aombe kampuni iongeze postinomi au iandike maelezo kwenye faili ya safari. Msomee ile code ya tiketi, ya herufi na tarakimu sita; hiyo, si jina lako, ndiyo inafungua faili. Kisha mwombe akutumie tiketi mpya, uisome mwenyewe.

Makosa mazito ni mengine. Prenomi imewekwa peke yake kama jina la ukoo, au postinomi imekaa mahali pa jina, au jina la mume limeandikwa kwa mwanamke ambaye karte yake ina jina la baba yake. Makampuni mengi hukubali kurekebisha herufi mbili tatu. Jina zima likibadilika wanaliona kama tiketi imeuzwa kwa mtu mwingine, na unalipia upya.

Eta_Sivili_Kenya:

Mimi niseme ya mtoto. Watu wengi wanachanganya. Karatasi ya hospitali ni ushahidi kwamba mtoto alizaliwa. Akti (cheti) ya kuzaliwa inatolewa na eta-sivili, ofisi ya uandikishaji wa raia ya komine, na hiyo ndiyo kitambulisho chake. Kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Siku hizo zikipita, inatakiwa hukumu ya mahakama, ile wanaita jugement supplétif, ndipo komine iandike akti. Kwa mtoto wa miaka 4 hilo halitamalizika kwa siku tano, na anayewaahidi akti kesho asubuhi anawauzia karatasi ya uongo.

Kwa safari hii, chukueni karatasi ya hospitali ya asili, si fotokopi, mwende komine kuomba hati ya muda ya kuzaliwa. Angalieni jina la mama kwenye karatasi ya hospitali: likilingana na karte ya binti, mtoto na mama wanaunganika mbele ya afisa. Hospitali zikiwa zimeandika "Mama Nadège", komine iandike jina kamili. Angekuwa anasafiri na bibi peke yake, ingehitajika pia ruhusa ya wazazi yenye saini iliyothibitishwa komine, na fotokopi za karte zao.

Msisahau umri wa tiketi: chini ya miaka 2 mtoto anakaa mapajani, miaka 2 hadi 11 ana kiti chake. Wa miaka 4 lazima awe na tiketi ya CHD yenye jina lake. Na mkirudi salama, anzeni ile kesi ya mahakama. Shule nayo itaidai akti.

Gishe_Kampemba:

Naongeza mawili. Mwulizeni wakala kama Go-Pass, ile ada ya uwanja wa ndege, imo ndani ya bei ya tiketi au inalipwa kando, na risiti ikae pamoja na kitambulisho. Bebeni pia karte za manjano za chanjo. Watu wa afya ya mipakani wanaweza kuziomba. Tangu Julai 2016 chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa ya maisha yote, hivyo karte ya zamani ya mama mzee bado ni nzima, mradi jina lake lifanane na lile la atestasio.

MamaKatuba:

Nimeelewa. Kesho asubuhi mama anaenda komine ya Katuba na picha nne, mimi nampigia wakala kuhusu Ilunga. Nitawaandikia hapa kampuni ikijibu juu ya atestasio.