Uzi: Uliyewahi kutofautiana na daktari kuhusu kuacha dawa za akili, tupeane uzoefu

Mama Pendo
Habari zenu wapendwa. Naanzisha huu uzi maana kila nikiuliza napata majibu mawili tu, la kwanza "achana na hayo madawa yatakuharibu ubongo", la pili "we sio daktari, meza unyamaze". Yote hayanisaidii. Natumia paroksetini kwa ajili ya sonona na wasiwasi, na nashukuru Mungu nimekuwa vizuri muda mrefu, nalala, nafanya kazi, nacheka na wanangu. Shida ni kwamba nimenenepa sana na hamu ya tendo la ndoa imekufa kabisa, mume wangu ananielewa ila hata mimi mwenyewe najikosa. Nikamwambia daktari nataka kuacha, akajibu huku anaandika, "ukiacha itarudi." Nikauliza kwa hiyo nimeze mpaka lini, akaita mgonjwa mwingine. Naombeni mliopita njia hii mtueleze ilikuwaje, hata wale ambao daktari ndo alitaka muache nyie mkagoma. Ya kwenu wenyewe lakini, sio ya kusikia kwa jirani.

Kipanga
Pole dada. Mimi ugomvi wetu haukuwa kuacha, ulikuwa spidi ya kuacha. Nilikuwa venlafaksini, nayo ni dawa ya sonona, miligramu 150 kwa siku, daktari akasema shuka 75 halafu acha, basi. Haikupita hata siku mbili tangu niache nikaanza kizunguzungu, jasho, ndoto za ajabu, na zile shoti kichwani, yani ukigeuza macho tu unasikia kama umeme umepita, nikawa nalia hovyo na hasira juu. Nikarudi, akasema umeona, ugonjwa umerudi, hii dawa ni ya maisha. Hapo nikabisha, kwa heshima lakini nikabisha. Nikamwambia dokta, nilipougua sonona sikuwahi kupigwa shoti kichwani, hiki ni kitu kipya, na sonona yangu iliingia polepole wiki hadi wiki, haikunivamia ghafla namna hii. Halafu nikirudia kidonge hali inatulia siku hiyohiyo au kesho yake, wakati mwanzoni dawa ilichukua wiki kadhaa ndo nikaona nafuu, sasa huo ni ugonjwa gani unaopona kwa kidonge kimoja? Akanyamaza, akafungua faili upya. Tukakubaliana kushuka kidogokidogo, kila hatua tunakaa mpaka mwili utulie, ukigoma tunarudi hatua moja nyuma. Kuna watafiti Horowitz na Taylor waliandika kwenye jarida la Lancet Psychiatry mwaka 2019 wakaeleza kwamba ukiwa kwenye dozi kubwa kupunguza miligramu kadhaa ubongo hauhisi sana, ila ukifika dozi za chini miligramu hizohizo zinakuwa na uzito mkubwa mno, ndo maana mtu anashuka vizuri halafu anaangukia mwishoni. Nilimpelekea daktari akasoma. Nimemaliza dawa, ila ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka mimi na kuliko alivyotaka yeye.

Nesi wa Zamu
Nimefanya kazi wodi ya akili naongezea kwa Mama Pendo. Paroksetini na venlafaksini zinatoka mwilini haraka ndo maana kuziacha kunasumbua, fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, inakaa mwilini muda mrefu inatoka taratibu, na wapo madaktari wanaomhamishia mgonjwa huko kwanza ndo wamshushe. Muulize kama inakufaa. Na swali lako la mpaka lini lina jibu, usikubali kurudishwa bila jibu. Aliyeugua sonona mara ya kwanza kwa kawaida anashauriwa aendelee angalau miezi 6 baada ya kupona, ambaye imemrudia mara kadhaa ni miaka 2 au zaidi. Kwa hiyo kinachotakiwa ni akwambie wewe uko kundi gani na kwa nini. Jamani na wale wa diazepamu na ndugu zake, zile dawa za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, mkishazoea kuzimeza kila siku msizikate ghafla hata kidogo, mtu anaweza kupata degedege. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Babu Huru
Mimi niliacha zangu mwenyewe bila kumwambia mtu na niko fresh mpaka leo. Madaktari wanatutisha tu.

Kaka Mkubwa
@Babu Huru nafurahi uko salama mkuu, natoka moyoni, ila hukusema ulikuwa dawa gani wala ugonjwa gani na mtu akisoma hapa anaweza kufuata. Mdogo wangu ana bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, alikuwa kwenye litiamu, dawa ya kuzituliza. Alikuwa anamlalamikia daktari mikono inatetemeka, kiu haiishi, kalamu hashiki vizuri na kazi yake ni ya kuandika. Anajibiwa vumilia. Akauliza kuacha, akaambiwa haiwezekani. Basi akaacha kimyakimya kwa mkupuo. Na litiamu ukiikata ghafla ule uchizi wa kupanda unaweza kurudi kwa kasi, na ulirudi, halali, anaongea usiku kucha, anagawa vitu vyake, anatukana mpaka mama. Tulimpeleka wodini kwa nguvu, na jinsi alivyoniangalia siku ile bado inaniuma. Daktari mwingine aliyempokea, baada ya kumrudishia dawa, akaanza kupima kiwango cha litiamu kwenye damu, figo na tezi ya shingo, vitu ambavyo vinatakiwa kupimwa mara kwa mara na sisi hatukuwahi kuambiwa. Kumbe dozi ya zamani ilikuwa juu kwa mwili wake. Ikapunguzwa kidogo, mtetemo ukaisha karibu wote, na sasa anameza mwenyewe bila kusimamiwa. Mimi naamini dogo hakutaka kuacha dawa, alitaka mtu ashughulikie ile mikono. Yule daktari wa kwanza alisikia "nataka kuacha" akaanza kupigana na hilo neno.

Zuhura
Kaka Mkubwa umenigusa. Mimi nilikuwa valproeti, dawa inayotumika kwa bipola na kifafa, nimeolewa, tunataka mtoto. Daktari aliniandikia miaka yote bila kuniuliza habari za uzazi, nikaja kujua baadae kwamba mama akiwa kwenye hiyo dawa kama mtoto 1 kati ya 10 anazaliwa na kasoro ya viungo, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 wanapata shida za ukuaji wa akili. Niliporudi kumuuliza akasema chagua, dawa au mtoto. Nikaomba rufaa kwa daktari mwingine, nikalia mbele yake nikamwambia nataka vyote viwili. Tulibadilisha dawa kabla ya kubeba mimba, taratibu, ile ya zamani inashuka huku mpya inapanda. Dada zangu mlio kwenye valproeti msiache wenyewe kwa kuogopa, ila mkaulize kesho.

Mtulivu
Mimi kinyume chenu. Nimeugua saikosisi, ile hali ya kuona au kuamini vitu visivyokuwepo, zaidi ya mara moja, niko kwenye dawa yake risperidoni, daktari mpya akasema umekaa vizuri tupunguze tutoe. Nikakataa. Akaona nina woga, nikamwambia sio woga, wewe umenikuta nimepona, hukuniona nikikimbia usiku bila viatu. Tumefika kati, tumepunguza kiasi, na dada yangu ana karatasi ya dalili zangu za mwanzo, kukosa usingizi na kuanza kushuku majirani, akiona hizo anapiga simu kliniki hata kama mimi nabisha.

Mama Pendo
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nesi mimi ilikuwa mara ya kwanza kuugua na miezi 6 ilishapita zamani, kwa hiyo nitaanzia hapo, halafu nitamwambia wazi kwamba kinachonisumbua ni mwili na ndoa, hilo sikumwambia kwa aibu, nilisema tu nataka kuacha. Kipanga, zile miligramu za mwisho ulizipataje, ulikata vidonge au ulipewa ya maji? Mfamasia hapa kaniambia nisikate bila kuuliza.

Kipanga
Kasema kweli, yangu ilikuwa kapsuli za kutoa dawa polepole, hizo hazisagwi wala hazitafunwi. Paroksetini ya maji ipo ila sio kila mahali. Mwombe daktari akuandikie hiyo au vidonge vya dozi ndogo, na muandikiane tarehe ya kurudi kabla hujashuka hatua ya kwanza.