Ubuntu inasema 98G imejaa wakati diski ni 500GB. Niongeze diski ya mtumba?

Mwana_Igoma:
Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani nyumbani, mwaka jana niliiwekea Ubuntu Server (mfumo endeshi wa Linux) ya kutunzia picha na video za familia. Harusi ya dada imo, mazishi ya baba yamo, watoto tangu wanazaliwa. Tangu juzi haipokei faili jipya. Nikipiga `df -h` kuona nafasi iliyobaki napata:

`/dev/mapper/ubuntu--vg-ubuntu--lv  98G  93G  0  100%  /`

Kuna muuzaji ana diski ya mtumba ya 1TB, anasema nikiiunganisha kwa LVM (njia ya Linux ya kuunganisha na kugawa nafasi za diski) zote mbili zitaonekana kama diski moja. Amenikabidhi niijaribu. Niiunganishe? Picha hizi sina kwingine.

KambaYaSata:
Inawezekana mkuu. Unaichomeka, `pvcreate /dev/sdb`, kisha `vgextend ubuntu-vg /dev/sdb`, unamalizia na `lvextend`. Ila hakikisha kwa `lsblk` kwamba sdb ndiyo hiyo mpya. Ukikosea diski ni msiba.

DadaTerminali:
Kaka, subiri. Hiyo ya mtumba iache mezani kwanza. Piga `sudo vgs` utubandikie majibu.

Mwana_Igoma:
Haya dada:

`VG         #PV #LV #SN Attr   VSize    VFree`
`ubuntu-vg    1   1   0 wz--n- <462.71g <362.71g`

DadaTerminali:
Angalia safu ya mwisho. Una zaidi ya 362G zimelala bure ndani ya diski yako mwenyewe. Programu ya kusakinisha Ubuntu Server ndivyo ifanyavyo: diski ikizidi 200G, inaukatia mfumo 100G tu, nyingine inaziacha kwenye kundi (hiyo `ubuntu-vg`) zikisubiri useme.

Fikiria shamba la mpunga. Diski ni ardhi, kundi ni ekari zako zote, voliumu (kama `ubuntu-lv`) ni jaruba ulizochonga. Wewe umelima jaruba moja, kwingine bado majani.

Kabla ya amri yoyote, picha za baba ziweke hata kwenye flashi. Kisha:

`sudo lvextend -r -L +100G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`

Hiyo `-r` usiisahau. Ndiyo inayopanua na mfumo wa faili. Bila yake voliumu inakua lakini `df` inabaki palepale, na watu wengi hukwama hapo.

KambaYaSata:
Kwa nini asichukue zote kwa `-l +100%FREE` amalize?

DadaTerminali:
Kwa sababu ext4, mfumo wa faili anaotumia, unaipanua mashine ikiwa inafanya kazi, lakini kuipunguza lazima voliumu iwe imeshushwa. Hii ni ya mfumo wenyewe, kwa hiyo itabidi awashe kompyuta kwa flashi. Akibakiza, siku akihitaji ni mstari mmoja tu.

Na diski ya mtumba, mimi siiingizi kwenye kundi moja na picha za marehemu. Voliumu ikitandazwa juu ya diski mbili bila kioo (yaani bila kila diski kubeba nakala ileile), ikifa moja umeharibikiwa mfumo wote wa faili, hata faili zilizokuwa kwenye diski iliyobaki salama kuzitoa ni kazi kubwa. Kaka, ipime kwa `sudo smartctl -a /dev/sdb`. Tazama `Reallocated_Sector_Ct` (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na `Current_Pending_Sector` (sehemu zinazoshukiwa kuharibika). Zikiwa sifuri, ifanye diski ya peke yake, kila wiki unakili picha kwa `rsync`.

KambaYaSata:
Hapo umenishika. Mkuu, fuata ya dada, yangu iache.

Mwana_Igoma:
Nimerudi. Flashi kwanza, kisha amri. Haikuchukua hata dakika, sikuzima kitu, na `df` sasa inasoma 196G. Ya mtumba nimeipima: `Current_Pending_Sector` ni 16. Kesho asubuhi inarudi kwa mwenyewe, nitajichanga ninunue mpya ya kunakilia. Asante sana dada, nawe mkuu. Video za mazishi zilizokuwa zimekwama kwenye simu ya mama zinaingia sasa hivi, imebaki moja.