MREJESHO: Timu yangu ya bohari iliyokata tamaa

Wakuu, nimerudi. Miezi mitatu iliyopita niliomba ushauri: nasimamia watu tisa bohari, kila kikao kinaishia kwenye lawama, na vijana wawili walishaanza kutafuta kazi kwingine. Mkanielekeza kwenye saikolojia chanya, yaani ile inayochunguza uwezo wa watu na yanayowafanya wastawi, badala ya kasoro zao tu, ile aliyoipigia debe Martin Seligman mwaka 1998 akiwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani.

Nilianza na zoezi la mambo matatu mazuri: jioni unaandika mambo matatu yaliyokwenda vizuri na kwa nini yalikwenda hivyo. Hiyo "kwa nini" ndiyo yenye kazi. Wiki ya kwanza daftari letu lilijaa "mshahara umeingia". Wiki ya pili dada anayepokea mizigo akaandika kwamba dereva wa foklifti alimsubiri amalize kuhesabu, hakumfokea. Jamaa alisoma, akanyamaza muda mrefu. Siku hizi wanasalimiana, na mimi nilikuwa nimeshawakatia tamaa.

Kisha nikagawa kazi kwa kuangalia mtu anaweza nini. Kijana niliyemwona mzembe kwenye kupanga maboksi kumbe ni hodari wa hesabu. Nimempa hesabu ya stoo, na makosa ya mwisho wa mwezi yamepungua sana.

Kilichogoma ni ovataimu isiyolipwa. Hapo daftari halisaidii kitu, watu wanadai haki yao. Nimemwandikia meneja barua na bado namfuatilia.

Kati ya wale vijana wawili, mmoja ameondoka, mwingine amebaki. Asanteni sana, hasa aliyenionya nisimlazimishe mtu kuandika.