Grupu la Familia Muheza: harusi ya Salma na bastola za wakwe

JUMAMOSI

06:12 Da Mwaju Houston: Assalaam alaykum familia. Najua huko ndo mnaamka, huku kwangu saa nne usiku na sijapata usingizi. Nimetoka kuongea na mama mkwe wa Salma, chakula tumekubaliana, rangi tumekubaliana, ila kuna jambo moja nataka jibu leo leo. Baba wa bwana harusi na baba yake mdogo wanakuja ukumbini na bastola kiunoni. Sio watu wabaya jamani, ndo wanavyoishi, dukani wanakwenda nazo kanisani wanakwenda nazo, yule mama kaniambia kama vile anasema watakuja na kofia. Tuwaambie waziache au tunyamaze? Kila mtu aseme neno.

06:13 Da Mwaju Houston: Na tiketi ya Ba'mkubwa (Babu Muheza) bado. Humu tuko 31, waliotoa ni 6.

06:48 Da Mwaju Houston: Tiki za bluu naziona. Mmesoma.

07:55 Mama Salma: Wa alaykum salaam wifi. Mi namsubiri Baba Salma aseme.

08:20 Shaibu: Harusi inakuja na ulinzi wake 😂😂 mgambo hatulipi

08:21 Da Zuhura: Shaibu huu sio utani. Mimi nikisikia bunduki na harusi nakumbuka yale ya Mjomba Seif Pangani.

08:22 Shaibu: Pangani lilikuwa gobore, sio bastola

08:22 Da Zuhura: Kwa hiyo turubai lilijitoboa? Na sikio la mama?

08:25 Mama Salma: Yaliyopita si ndwele jamani

08:26 Da Zuhura: Kwako si ndwele wifi, sikio sio la mama yako.

08:27 Da Mwaju Houston: TUSIENDE PANGANI. Nimeuliza swali moja tu. Mimi naogopa tutaonekana tumekuja na masharti ya kwetu kwenye nchi ya watu, halafu Salma ndo abebe lawama kwa wakwe miaka yote. Lakini nikifikiria watoto wanakimbizana chini ya meza na mtu ana chuma kiunoni roho inanidunda.

09:10 Zai Chuo: Shikamooni wakubwa wote. Shangazi Mwaju hilo la masharti ya kwetu nakupinga kwa heshima. Tulisoma sheria za zamani za Marekani muhula uliopita na hii ni ya hukohuko Texas. Mwaka 1870 walipitisha sheria kwamba mtu asiingie kanisani, wala darasani, wala ukumbi wa dansi, wala kwenye hafla au mkusanyiko wa mabibi na mabwana, wala kituo cha kura siku ya uchaguzi, akiwa na bastola au bunduki ya aina yoyote mwilini. Faini dola 50 mpaka 500, na hizo ni dola za enzi hizo. Imeandikwa hivyohivyo, mabibi na mabwana. Yani harusi ya Salma ingekuwa mwaka 1870 hao wazee wasingeingia na kitu.

09:12 Shaibu: Mabibi na mabwana karibuni, bastola ziacheni kwa farasi

09:13 Zai Chuo: Na visu pia kaka Shaibu. Vimetajwa kwa majina, mpaka kisu cha bucha.

09:13 Shaibu: KISU CHA BUCHA?? Sasa mpishi wa pilau nyama akate kwa meno?

09:14 Mama Salma: Hivi nani anapika pilau huko? Wifi usije ukatuletea wali wa njano ukasema pilau

09:15 Da Zuhura: Na nyama ikatwe mapande makubwa, sio vile vipande vya dole gumba walivyotuwekea kwenye arobaini ya kina Mwanaidi

09:16 Shaibu: Mbuzi wa Houston ana bizari nyembamba?

09:18 Mama Salma: Bizari nitamfungia Baba Salma kwenye begi

09:31 Da Mwaju Houston: Huku saa saba na nusu usiku. Naomba tumalize la bastola, pilau nimeshapata mpishi Mkenya anatoka Lamu, anajua.

09:40 Baba Salma: Nimesoma yote. Zai mwanangu, hiyo sheria ilikujaje? Maana watu wa kule tunawaona kwenye sinema wamezaliwa nazo.

09:58 Zai Chuo: Ba'mkubwa, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1865, silaha zikazagaa kila kona, watu waliotoka utumwani wakawa wanashambuliwa hovyo, kura zinapigwa kwa vitisho. Gavana wakati huo alikuwa Edmund J. Davis. Wakaona bora wataje mahali watu wanapokusanyika kwa amani wapalinde. Watu wakaipinga mahakamani, na mmoja wa washtakiwa alikuwa kaingia na kisu cha bucha kwenye ibada, kaka Shaibu cheka tena. Mwaka 1872 mahakama ya juu ya Texas ikasema ni karibu na kichekesho mtu kudai ana haki ya kuingia na vitu hivyo kanisani au ukumbi wa dansi au popote mabibi na mabwana walipokusanyika kwa amani. Majaji wa Texas hao sio wa Muheza. Ndo maana nasema tukiwaomba waziache hatuwaletei kitu kigeni, tunawakumbusha cha mababu zao.

10:02 Baba Salma: Sawa. Na sasa hivi inasemaje?

10:09 Zai Chuo: Sasa hivi wamelegeza sana. 1995 wakaruhusu kwa leseni, na tangu 2021 mwenye miaka 21 kwenda juu kama hana kizuizi cha kisheria anabeba bastola bila leseni. Ila mwenye mahali ana haki ya kukataza. Anaweka bango mlangoni lenye maneno ya sheria, Kiingereza na Kispanyola, herufi zisipungue inchi moja. Au anamwambia mtu kwa mdomo.

10:10 Shaibu: Herufi inchi moja! Kumbe sheria ya kichekesho ndo hii ya leo sio ya 1870

10:11 Zai Chuo: Hapo umesema kweli.

10:15 Da Mwaju Houston: Hilo bango nalijua, liko mlango wa hospitali ninayofanya kazi, napita nalo kila asubuhi. Meneja wa ukumbi nimemuuliza kasema hawana ila tukitaka yeye hana neno, tutengeneze tumpe aliweke. Sasa fikirieni, mlangoni kuna maua kuna picha ya Salma na mwenzie halafu pembeni ubao mkubwa wa bastola. Ndo maana nataka tuwaambie kwa mdomo kabla. NANI ATAWAAMBIA?

11:30 Da Mwaju Houston: Nimelala nimeamka nimekuta kimya. Nani atawaambia?

13:05 Jumbe London: Samahani nilikuwa shifti. Nimesoma kuanzia juu. Huku Uingereza ndo usiseme, mwaka 1313 walikataza kuingia bungeni na silaha na mavazi ya vita, na hiyo sheria haijafutwa mpaka leo. 1328 tena wakakataza watu kutembea na silaha kwenye minada na masoko, Waingereza waliohamia Marekani wakaibeba. Halafu ipo ya 1872 ukilewa ukiwa na ng'ombe barabarani, au farasi, au injini ya mvuke, au bunduki yenye risasi, kosa ni moja.

13:07 Shaibu: Ng'ombe na bunduki kosa moja 😂 Jumbe wewe ng'ombe umempata wapi

13:09 Jumbe London: Na ya 1839 hapa London, kukung'uta kapeti barabarani ni kosa. Ila kile cha kufutia miguu mlangoni unaruhusiwa kabla ya saa mbili asubuhi.

13:10 Mama Salma: Basi mama yenu angefungwa maisha

13:12 Jumbe London: Hata kwetu mbona zipo, sheria ya uchawi ya 1928 ya Mwingereza bado iko vitabuni. Na Tume ya Nyalali ya vyama vingi 1991 ilihesabu sheria 40 mbaya

13:13 Da Mwaju Houston: Jumbe mchango wako sijauona.

13:40 Mjomba Seif: Naona mnanisema mimi tangu asubuhi. Gobore gobore. Lile gobore nililipua kwa furaha ya Zuhura, nikamlipia na turubai. Miaka kumi na saba hamjanisamehe.

13:41 Da Zuhura: Mjomba turubai ulilipa. Hujawahi kwenda kumwambia mama neno moja, dada yako wa tumbo moja.

*Mjomba Seif ameondoka kwenye grupu*

13:43 Shaibu: Sasa mmemfukuza baba

13:44 Da Mwaju Houston: Ya Rabi

*Da Mwaju Houston amemwongeza Mjomba Seif*

16:25 Babu Muheza: Assalaam alaykum warahmatullah. Anaandika Mwanahamisi, maneno ni ya Babu.

16:31 Babu Muheza: Nimesomewa yote. Alipoolewa dada yetu mkubwa mimi nilikuwa na miaka kama kumi na moja. Wawindaji walikuja kwa miguu na magobore yao. Baba hakuwafukuza na hakuwagombeza. Aliwapokea nje ya ua, akapokea gobore moja moja kwa mikono miwili, akayaegemeza kwenye mwembe, akaniweka mimi niyalinde. Sikula mpaka mgeni wa mwisho ameondoka, pilau nililowekewa chini ya kawa likapoa. Wale watu walikula, wakacheza, wakachukua vyao wakaenda. Hakuna aliyeona kavunjiwa heshima. Seif shemeji yangu, habari hii nilikusimulia kabla ya Pangani.

16:33 Babu Muheza: Bastola haiingii kwenye harusi ya mjukuu wangu. Mabango mimi sijui. Waambiwe kwa adabu, na atakayewaambia ni Hamisi kwa sababu ndiye baba wa binti. Asitumwe mtoto na isiandikwe kwenye simu. Basi.

16:34 Mama Salma: Tumesikia baba

16:34 Jumbe London: Tumesikia Babu

16:36 Zai Chuo: Tumesikia Babu

16:50 Mjomba Seif: Nimesikia shemeji.

17:15 Da Mwaju Houston: Ahsante Ba'mkubwa, umenipa pumzi. Kaka Hamisi basi panga siku, nitakuunganisha kwa video na baba mkwe, mimi nitakuwa pembeni natafsiri neno kwa neno. Kesho? Huku mchana itakuwa huko jioni.

19:02 Da Mwaju Houston: Kaka?

21:20 Salma: Shikamooni wote, samahani nilikuwa kazini simu kwenye kabati. Jamani mimi nimeshawaambia. Asubuhi baada ya kusoma ujumbe wa Shangazi Mwaju nilimwandikia mchumba wangu naye akawaonyesha. Baba yake kasema hana shida ataifungia kwenye gari. Baba yake mdogo kasema atafikiria.

21:21 Shaibu: Ohooo

21:22 Da Zuhura: Umeandika kwenye simu?

21:22 Salma: Sikujua kama Babu atasema vile 😔 nilitaka nimpunguzie baba mzigo

21:30 Da Mwaju Houston: Sawa mwanangu hujakosa. Lakini hilo "atafikiria" ndo siliwezi. Gari la huyo litakuwa mita ishirini na mlango, akifikiria saa hiyo na muziki unalia nani atamsimamisha? Zai nitumie yale maneno ya bango usiku huu, na yale ya majaji wa 1872 nataka niyasome kwa Kiingereza chenyewe. Mwenye Kispanyola humu ni nani?

21:47 Baba Salma: Nitaongea naye hata hivyo. Babu kasema mimi. Ila sio kesho, kesho kuna hitima hapa jirani. Mwaju nitakwambia siku.

21:48 Da Mwaju Houston: Jumanne?

21:49 Da Mwaju Houston: Kaka Hamisi, Jumanne?

22:10 Mjomba Seif: Mwaju nimekutumia laki mbili ya tiketi ya shemeji. Zuhura, mama yako kesho yupo nyumbani?

22:11 *Umesomwa na watu 24*

22:40 Da Mwaju Houston: Imeingia mjomba, Allah akuzidishie. Waliotoa sasa 7. Kispanyola hamna hata mmoja?